Bendera ya Capitol kwa mjumbe anayeng'atuka: zawadi nzuri inayoharibiwa na cheti na sanduku

Mjumbe wa bunge la jimbo nchini Marekani anapong'atuka baada ya miaka 20 au 30, kamati ya kumuaga kwa kawaida huzunguka kwenye vitu vinne vilevile: bendera iliyopeperushwa juu ya Capitol ya Washington, yaani jengo la Kongresi, azimio la bunge lake lililotiwa fremu, ngao ya kioo au mbao, na nyundo ya spika. Tathmini hii ni ya bendera hasa, kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi na ndiyo inayokosewa kirahisi. Vile vitatu vingine tutavipitia kwa kulinganisha, na kimoja kati yake, tusifichane, kinaishinda bendera.

Huduma ya bendera ilianza mwaka 1937, mjumbe mmoja wa Kongresi alipoomba apewe bendera iliyokwisha kupepea juu ya jengo hilo. Siku hizi inasimamiwa na Ofisi ya Msanifu wa Capitol, na maombi kwa mwaka hupita laki moja. Kwa wingi huo, usidhani bendera yako itapanda ule mlingoti unaoonekana kwenye picha za magazeti na kushinda hapo kutwa. Ipo milingoti midogo juu ya paa iliyowekwa kwa kazi hii tu. Wafanyakazi huipandisha bendera, ikapepea kidogo, wakaishusha na kupandisha inayofuata. Si udanganyifu, cheti hakisemi vinginevyo. Ila mgeni rasmi aambiwe mapema, asije akasimama mbele ya watu na kutangaza kwamba bendera hii "ililinda Capitol mchana kutwa".

Hainunuliwi dukani. Unaiomba kupitia ofisi ya mwakilishi wako katika Kongresi, au ya mmoja wa maseneta wawili wa jimbo lako, na karibu kila ofisi ina fomu kwenye tovuti yake. Utaulizwa ukubwa, kitambaa, tarehe unayotaka ipeperushwe, jina la anayetunukiwa, sababu, na anwani ya kupelekewa. Bei inatofautiana kidogo kati ya ofisi na ofisi, lakini ni makumi machache ya dola, na ndani yake kuna bendera, ada ya kupeperusha na posta. Hesabu wiki 4 hadi 6, zaidi kama umetaja tarehe inayogombewa kama 4 Julai. Kwa fedha hiyo na heshima inayobebwa, huwezi kulalamika.

Malalamiko yanaanza kwenye cheti.

Cheti kinakuja na bendera, kimesainiwa na Msanifu wa Capitol, na kinataja mambo matatu: tarehe, anayetunukiwa, na mjumbe wa Kongresi ambaye ombi lilipitia kwake. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau. Mjumbe wa jimbo aliyepigana na chama fulani robo karne anaweza kufungua bahasha na kukuta jina la mwanasiasa wa chama hichohicho limechapwa katikati ya cheti chake cha kuagwa. Kwa kuwa una milango mitatu, mwakilishi mmoja na maseneta wawili, chagua mlango kwa kumfikiria atakayekitundika ukutani. Kama wote watatu ni wa upande wa pili, mwombe mtu anayeishi katika wilaya nyingine ya uchaguzi aagize kwa mwakilishi wake. Si lazima mwagizaji awe wewe.

Kosa la pili la cheti ni cheo. Ukijaza kwenye fomu neno seneta peke yake, huko Washington wanaweza kulisoma kama seneta wa Kongresi, na cheti kikarudi kinamtaja mtu kwa cheo asichokuwa nacho. Andika cheo kamili pamoja na jina la jimbo. Tena cheo chenyewe hubadilika kwa jimbo. Nebraska ina bunge la chumba kimoja lenye watu 49, na wote huitwa maseneta. Virginia, Maryland na West Virginia huwaita wa baraza la chini kwa jina la madeligeti. California, New York, Nevada, New Jersey na Wisconsin wana baraza linaloitwa Asemblii, kwa hiyo mjumbe wake usimwite mwakilishi. Nakili cheo kutoka kwenye tovuti ya bunge husika, herufi kwa herufi. Fomu nyingi zina ukomo wa herufi kwenye sehemu ya sababu, na maandishi yanayozidi hukatwa au hufupishwa na karani asiyemjua mheshimiwa wako. Sentensi moja fupi inatosha: miaka ya utumishi na jina la jimbo.

Miaka nayo ina mtego wake. Mtu huchaguliwa Novemba na kuapishwa Januari, ikawa ngao inasema mwaka mmoja na azimio linasema mwingine. Mfano mzuri ni Fred Risser wa Wisconsin, aliyeshikilia rekodi ya utumishi mrefu katika mabunge ya majimbo. Alichaguliwa mwaka 1956, akaketi mwaka 1957, akahamia Seneti ya jimbo mwaka 1962, akaondoka Januari 2021. Ukianza na uchaguzi utaandika 1956, na ukianza na kiapo utaandika 1957. Miaka 64 ya utumishi ni hesabu ya kiapo. Shika kiapo kila mahali, na uhakikishe mwisho pia, kwa sababu si majimbo yote yanayomaliza Januari. Florida muhula huisha siku ya uchaguzi wenyewe mwezi Novemba. Kule, sherehe ya Desemba ni ya kumuaga mtu aliyekwisha kuondoka mwezi uliopita.

Sasa sanduku la kioo la pembetatu, kinachoharibu bendera nyingi kuliko posta. Maduka huuza zaidi masanduku ya bendera ya mazishi ya wanajeshi, yenye ukubwa wa futi 5 kwa 9 na nusu. Bendera ya Capitol inayoagizwa na wengi ni ya futi 3 kwa 5. Ukiitia ndogo katika sanduku hilo huteleza hadi kona ya chini na kuacha uwazi juu. Hesabu ni nyepesi. Upana wa bendera hukunjwa nusu mara mbili, kwa hiyo unabaki na robo. Bendera ya futi 3 hubaki na ukanda wa sentimita 23 hivi, na ukishaukunja pembetatu, upande mrefu unakuwa kama sentimita 32. Ile ya futi 4 kwa 6 hutoa sentimita 43. Ile ya futi 5 kwa 8 hutoa sentimita 54. Ongeza sentimita mbili tatu kwa ajili ya unene wa kitambaa, halafu pima ndani ya sanduku, wala usipime fremu ya nje. Ya futi 5 kwa 8 huingia vizuri katika sanduku la mazishi kwa sababu upana ni uleule. Inachopungukiwa ni unene tu, na kipande cha sponji nyuma yake humaliza tatizo.

Bendera haiji ikiwa pembetatu. Inafika kwenye boksi, imekunjwa mstatili, na kazi ya kukunja ni yako. Inahitaji watu wawili na meza ndefu. Mnakunja kwa urefu mara mbili hadi buluu yenye nyota ibaki nje, kisha aliye upande wa milia anaanza kukunja kona, pembetatu juu ya pembetatu, huku mwenzake ameikaza. Mikunjo inatoka kama 13, na ncha iliyobaki huchomekwa mfukoni. Nyekundu ikichungulia ukingoni, mkunjo wa kwanza ulipinda. Fungua yote, kwani hakuna ujanja wa kuirekebisha katikati. Kitambaa kina neno hapa. Nailoni inateleza na hupenda kujifungua. Pamba inakaa pale ulipoiweka. Kwa hiyo agiza pamba kwa ajili ya sanduku, na nailoni kama mstaafu ana mlingoti nyumbani na atapenda kuipandisha, maana pamba ikinyeshewa inakuwa nzito na haikauki upesi.

Tukija kwenye azimio la bunge la jimbo, hapa ndipo bendera inapopitwa. Azimio halimgharimu mwombaji kitu, linasomwa ukumbini mbele ya wenzake, linaingia katika kumbukumbu rasmi, na linaeleza kwa undani kile alichokifanya mtu huyu: miswada, kamati, barabara, vyuo. Cheti cha bendera hakina nafasi hiyo. Lazima liwasilishwe na mjumbe aliyepo, na adabu inataka asiwe mwenyewe anayesifiwa. Anayelipendekeza hupeleka maelezo kwa ofisi ya uandishi wa sheria, nao huyapanga katika aya za "kwa kuwa" hadi "iazimiwe". Wapelekee maelezo yaliyohakikiwa, si wasifu wa kampeni. Wasifu wa kampeni umejaa "mpiganaji wa wananchi", na waandishi hao, kwa haki kabisa, huuweka kando.

Kinachoua azimio ni kalenda. Mabunge mengi humaliza vikao kabla ya kiangazi kwisha, na mwombaji anayekumbuka mwezi Oktoba hupata ukumbi umefungwa. Texas ni miongoni mwa mabaya zaidi, maana hukutana kwa kikao cha kawaida katika miaka isiyogawanyika kwa mbili tu, siku 140. Anayetangaza kustaafu Agosti ya mwaka huo, baada ya kikao, hatakaa tena ukumbini isipokuwa gavana aite kikao maalumu. Kikao kinachofuata kinapofunguliwa Januari, kiti kina mtu mwingine. Azimio bado linawezekana, ila litamtaja kama mjumbe wa zamani. Montana, Nevada na North Dakota nazo hukutana mwaka mmoja na kuruka mwingine. Huko, bendera ndiyo huokoa jahazi, kwani Capitol ya Washington haingoji kikao cha jimbo.

Ukilipata azimio, mwambie fundi fremu mambo mawili. Kwanza, karatasi isigandishwe kwa gundi nyuma. Ishikiliwe kwa vikona, na karatasi ya pembeni iwe isiyo na asidi. Pili, muhuri wa dhahabu umeinuka juu ya karatasi, kwa hiyo kioo kikae mbali nao, vinginevyo utabanwa na kubakiza alama. Kioo cha kuzuia mionzi ya jua kinastahili bei yake, sababu wino wa saini ndio hufifia kwanza.

Ngao ya kioo haina mengi. Ni ghali, ni nzito, na mtu aliyekaa bungeni miaka 25 anazo rafu nzima. Nyundo ni nzuri kwa aliyewahi kuishika: spika, rais wa seneti, mwenyekiti wa kamati. Kumpa aliyekaa benchi la nyuma maisha yake yote ni kumtania bila kukusudia.

Kabla ya kupitisha kapu la michango, angalia sheria ya zawadi ya jimbo, kwani mjumbe bado yuko ofisini hadi muhula uishe. California hairuhusu mshawishi aliyesajiliwa, yaani mtu anayelipwa kuwashawishi wabunge, kumpa mjumbe zawadi zinazozidi dola 10 kwa mwezi, ingawa ngao iliyoandikwa jina lake yenye thamani ya chini ya dola 250 haihesabiwi katika tafsiri ya kawaida ya zawadi. Wisconsin ni kali zaidi: mshawishi haruhusiwi kumpa hata kikombe cha kahawa. Kama katika orodha ya wachangiaji yumo mshawishi, mwondoe kwenye kapu na umwache aje kupiga makofi tu, na risiti ya bendera iandikwe kwa jina la mtu aliyelipa kweli.