Shira ya choya: ya kwangu, na ile ya 12,000 iliyogoma kubadilika rangi

Mbukwenyi! Karibuni tena jikoni kwangu, Nzuguni, Dodoma, jua la Oktoba linawaka mpaka bati linalia. Mliolalamikia sauti ya video iliyopita, nimenunua maiki mpya, hii hapa kwenye kola. Jogoo wa jirani mtaendelea kumsikia tu, huyo nimemshindwa.

Leo nina chupa mbili. Hii nimepika mwenyewe, shira ya choya, yaani rozela, na mchaichai. Hii nyingine nimenunua shilingi 12,000, mililita 300, jina nimeliziba kwa plasta maana sitaki kesi na mtu. Lebo inasema choya, sukari, maji. Halafu kwa herufi kubwa: BILA RANGI. Hilo neno lishikeni.

Mapishi sikai sana, najua wengi choya mnaipika kila Ramadhani. Gramu 100 za choya kavu, kile kikombe chekundu kinachobaki ua likishaanguka. Suuza, vumbi letu mnalijua. Maji lita 1, tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, chemsha dakika 10. Zima moto kwanza, ndipo uzamishe mchaichai uliopondwa shina, ufunike. Ukiuchemsha pamoja na choya, harufu yote nzuri inaondoka na mvuke, unabakiwa na ladha ya nyasi. Baada ya nusu saa chuja, utapata kama mililita 750, rudisha jikoni na sukari kilo 1, koroga mpaka iyeyuke, kamulia ndimu, epua. Msingoje iwe nzito kama shira ya kaimati, ikipoa inajikaza yenyewe. Chupa iwe imechemshwa.

Ila maji! Mara ya kwanza nilitumia ya bomba letu, haya yanayoacha utando mweupe kwenye birika. Jamani, shira ilitoka rangi ya kutu. Nikadhani nimeuziwa choya ya mwaka juzi, nikarudi pale soko la Majengo nimevimba, mama wa watu akanicheka: "Mwanangu, ulitia ndimu?" Kumbe wekundu wa choya unaishi kwenye uchachu. Maji yenye chumvichumvi yanauvuta upande wa pili. Siku hizi natumia ya mvua nikiwa nayo, na kama sina, ndimu inaingia tangu mwanzo.

Na hapo ndipo nilipopata mchezo wa leo. Sogezeni macho. Hapa nina magadi, haya haya ya kulainishia mlenda, nimeyaloweka kwenye kikombe na nimeyachuja. Glasi ya kwanza, maji na kijiko kimoja cha shira yangu. Nyekundu, mnaiona, nimeiweka juu ya sahani nyeupe makusudi. Natia tone. Moja. La pili. Subiri... inatoa povu kidogo, ni uchachu unapigana na magadi. La tatu, la nne. Haya! Mnaona pembeni pale? Zambarau. Naongeza. Imekuwa bluu chafu, kama maji yaliyooshewa kalamu ya wino. Msikimbie, haijaharibika. Nakamua ndimu, nakoroga... nyekundu imerudi! Nimefanya hivi mara sita leo asubuhi, mwanangu amechelewa shule kwa ajili ya upuuzi huu.

Sasa glasi ya pili, ya 12,000. Kijiko kile kile, maji yale yale. Tone, tone, tone. Povu ipo, uchachu wametia. Rangi? Namimina kijiko kizima cha magadi. Rangi iko pale pale, nyekundu ya kashata. Sisemi hakuna choya kabisa humo, inawezekana ipo kidogo na rangi ya kuchanganya ikaifunika. Lakini ndugu yangu, umeniandikia BILA RANGI! Ungeandika ina rangi, ningenunua kwa 4,000 tukaachana kwa amani. Nimepigwa, na nimepigwa mchana kweupe.

Piga hesabu na mimi. Sukari kilo nimenunua 3,000, choya 2,000, tangawizi 500, mchaichai upo uani. Nimepata lita moja na zaidi. Gesi sijaihesabu, sawa, msianze.

Tuonje. Vijiko viwili vikubwa, glasi ya maji ya soda, barafu. Mmh. Uchachu unatangulia, mchaichai unakuja nyuma kama mgeni mstaarabu. Kwenye chai ya rangi ya moto pia iko vizuri, unapunguza sukari. Kwenye maziwa usithubutu, yanakatika pale pale. Na wa timu ukwaju nawasikia. Ukwaju nauheshimu, ila shira yake inatuama chini, kila saa unatikisa chupa. Ubuyu wetu ndio kabisa, mzuri kwenye juisi, lakini kwenye soda unakuwa uji.

Sasa nionje yao. ... Ngoja. Haki ya Mungu sitawadanganya: kwenye soda hii ya kwao ni tamu. Mwanangu jana aliichagua yao, mara mbili, nikiwa nimemziba macho. Inawezekana mimi tangawizi nimezidisha. Nitapika tena kwa nusu yake, nitawarushia kipande kifupi.

Mlioniuliza kama inashusha presha: chai ya choya isiyo na sukari imefanyiwa utafiti, na inaonekana kushusha presha kidogo. Hii ina kilo nzima ya sukari, hiki ni kinywaji cha kuburudika. Na kama unameza dawa za presha, muulize daktari wako kabla ya kunywa choya kila siku. Ya kwangu naimaliza ndani ya mwezi, kwenye friji. Ukiona vipovu, ukisikia inaanza kunukia kama wanzuki, mwaga.

Wiki ijayo ni ile blenda mliyoisubiri, imefika na basi la jana, jagi lina ufa, nawapigia walioniuzia hawapokei. Bonyezeni kengele msipitwe.

Kitu kimoja nawapa haki yao: chupa. Angalia kifuniko hiki, unamimina, unakata, hata tone halichuruziki. Nimeshaihamisha ya kwao kwenye kopo, chupa nimeichemsha. Mwanangu, niletee faneli. Namimina ya kwangu humu... taratibu... haya. BILA RANGI. Sasa hivi lebo imesema kweli.