Kibanda cha maji ya kuchuja, Maji ya Chai: huduma nzuri inayohitaji mpimaji

Kwa miezi minne sasa familia yangu inanunua maji ya kunywa na ya kupikia katika kibanda kimoja cha maji ya kuchuja hapa Maji ya Chai, kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, nami napenda kuwaeleza wenzangu wa Meru huduma hiyo ilivyo.

Mgeni huweza kushangaa kwamba tunanunua maji ilhali mito inashuka kutoka Mlima Meru. Tatizo letu ni floraidi, ambayo maji huiokota yanapopita kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu miligramu 4 kwa miaka mingi kabla ya kushuka hadi hiyo 1.5, na vipo visima vya huku vinavyopita hata kile kiwango cha zamani. Matokeo yake ni meno ya kahawia na, kwa walioathirika zaidi, miguu iliyopinda. Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki.

Kibandani maji hupita kwenye matangi yaliyojazwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi, utaalamu ambao Wizara ya Maji imeushughulikia kwa miaka mingi katika kituo chake cha utafiti cha Ngurdoto. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 500. Mama mwenye kibanda hufungua saa kumi na mbili asubuhi, huisuuza ndoo ya mteja kabla ya kuijaza, na maji yake hayanuki, jambo linaloonyesha kwamba mifupa ilichomwa ikaiva, maana iliyochomwa nusunusu huyatia maji harufu na rangi. Kwa usafi na uaminifu sina lalamiko lolote.

Hata hivyo, mkaa huo hushiba, na ukishashiba maji hupita na floraidi yake. Duka nililonunua maji hapo awali, mahali pengine, walinijibu kwamba mkaa wao haubadilishwi kabisa. Mama huyu nilipomuuliza, alinifungulia daftari lenye vijistari vya kalamu, kimoja kwa kila ndoo aliyouza. Idadi aliyoelekezwa na fundi ikitimia, huagiza mkaa mpya na kuandika tarehe. Nilimheshimu sana kwa daftari lile. Lakini kuhesabu ndoo si kupima maji, na kifaa cha kupimia hana.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba wafanyabiashara wakiachiwa kazi hii, ushindani utawanyoosha. Muuza chapati mbovu hukimbiwa siku hiyo hiyo, kwa sababu ulimi umeshaonja. Floraidi haina ladha, rangi wala harufu. Mzazi aliyeuziwa maji mabaya leo atajua miaka kadhaa baadaye, meno ya ukubwani ya mtoto yatakapochomoza yakiwa na madoa. Mteja asiyeweza kutambua ubovu hawezi kumwadhibu muuzaji, na kwa hiyo kupima ni wajibu wa serikali.

Kuna pia suala la kipato. Nyumba inayotumia ndoo mbili kwa siku hulipa shilingi 30,000 kwa mwezi. Jirani yangu anayeishi kwa vibarua hununua ndoo moja kwa wiki, na watoto wake, ambao meno yao ndiyo kwanza yanajijenga, wanakunywa ya bomba. Mwenye kibanda hana kosa katika hilo. Mradi wa maji wa Jiji la Arusha, wa shilingi bilioni 520, ulitegemea mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mzigo wa namna hiyo hubebwa na serikali, na vijiji vyetu navyo vinastahili kubebewa.

Anayemudu bei namshauri anunue hapa, na kila mwezi aombe kuona tarehe ya mkaa. Kwa halmashauri ombi langu ni vipimo vya mara kwa mara katika kila kibanda, matokeo yakibandikwa ukutani. Mama huyo ameniambia yuko tayari kulipia kipimo chake mwenyewe, mradi apatikane mtu wa kuja kukifanya.