TAHADHARI: Huyu "fundi" wa kabati za juu za motohomu anaficha kuoza, hatengenezi

Wadau wenye motohomu, yale magari ya kuishi humo ukisafiri, yenye kitanda na makochi ndani, naomba mnisikilize, na kama una ndugu au rafiki ana gari la hivi mtumie mapema kabla hajalizwa. Kuna jamaa anajitangaza mtandaoni kwamba anarekebisha kabati za juu zilizolegea, zile zinazoning'inia juu ya makochi na juu ya kitanda, anakufuata gari lilipo, kazi anamaliza muda huohuo, eti huna hata haja ya kutoa vyombo ndani, na anakuja na seti yake "maalum" ya skrubu na gundi ambayo anakuuzia humohumo kwenye bei. Jina sitaji, kwanza anabadilisha jina na laini kila akishaumiza watu, mtamjua kwa kazi yake.

Kwangu ilikuwa kabati la upande wa dereva, limeshuka mpaka kati yake na dari kuna mwanya unaingiza kidole. Jamaa kaja mcheshi balaa, simu imejaa picha za kabla na baada, zinapendeza kweli ila zote zimepigwa kwa mbele tu, hakuna hata moja inayoonyesha ndani ya kabati wala ukuta nyuma yake. Hakugusa ukuta, hakupanda juu ya paa, hakuuliza kama mvua huwa inapenya, yaani hakuuliza kitu. Akaweka mti wa kuinulia chini ya kabati, akalisukuma juu kwa nguvu, akapiga skrubu ndefu, mwanya akaujaza silikoni, juu yake akabandika mkanda wa plastiki wa rangi ileile ya dari. Hela kadai yote kabla hajakusanya vifaa, risiti hamna, waranti ya mdomo.

Lilitulia, nisiseme uongo, ukilitazama unasema fundi huyu. Kukuta barabara yenye makorongo kidogo likaanza kulia krrr krrr kila tukiruka tuta, afu upande mmoja ukaachia kabisa, mlango ukafunguka na vyombo vikamwagika kwenye kochi ambalo dakika chache kabla mtoto alikuwa kalala. Nampigia hapokei, namtumia picha, kaniblok.

Ikabidi tulifungue kabati tuone alifanya nini. Kuutoa ule mkanda tu, chini ya silikoni ubao ulikuwa mweusi na umelainika kama sponji, bisibisi unaisukuma kwa kidole inazama. Skrubu zake ni zile nyeusi za jipsamu, ambazo ni ngumu ndio lakini hazipindi, zikitikiswa sana zinakatika, na kweli mbili zilikatikia ndani. Nyingine ilikosa fremu kabisa, imepita kwenye plaiwudi nyembamba ikaishia kwenye povu, ukiivuta kwa mkono inatoka bila kuzungusha. Na moja, hii ndo ilinitoa jasho, imepita jirani kabisa na waya wa taa, ganda la waya limekwaruzwa.

Ambao hamjawahi kufungua ukuta wa haya magari mjue sio ukuta wa nyumba. Nje kuna faibaglasi au bati la alumini, katikati povu gumu, ndani kiplaiwudi cha milimita 3 hivi, na fremu yenyewe ya mbao au ya bomba za alumini za mraba inapita sehemu chache tu. Skrubu isipoingia kwenye fremu hata iwe ndefu namna gani haijashika kitu. Halafu kuna magari ambayo kiwandani kabati zinafungwa kabla ganda la nje halijawekwa, skrubu zinaingia kutokea nje kuja ndani, kwa hiyo huku ndani huoni kichwa cha skrubu ya kukaza hata ukitafuta vipi. Mtu anayekwambia "hizi ni kukaza tu" bila kulifungua gari lako anakudanganya mchana kweupe.

Na kabati halishuki bure. Saa nyingine ni mzigo, mtu kajaza makopo na sufuria nzito juu wakati huko ni pa nguo na vitu vyepesi, gari linatetemeka safari nzima na matundu ya skrubu yanapanuka. Lakini mara nyingi sana ni maji. Yanaingia kwenye kiungo cha paa na ukuta, pembeni ya tundu la feni, kwenye zile taa ndogo za juu nje, yanatembea na fremu taratibu yanatokea mbali na yalipoingilia, ndo maana dari inaweza kuwa kavu kabisa na ubao wa nyuma ya kabati umeoza. Kuvu wanaanza kula mbao unyevu ukizidi kama asilimia 20, na kipimo cha unyevu cha pini mbili ni kitu cha mfukoni, fundi wa kabati za magari haya asiyekuwa nacho mi simuelewi. Jamaa hakuwa nacho, nikimkumbuka vizuri hakuwa hata na tochi.

Kwa hiyo alichofanya ni kibaya kuliko angeacha lilivyokuwa. Ile silikoni imefungia unyevu ndani, ubao ukaendelea kuoza bila kupumua, na mwanya ambao ulikuwa unanipa taarifa kwamba kuna shida umefunikwa. Tena silikoni ikishapakwa mahali, gundi nyingi za kuziba zinakataa kushika juu yake, unakwangua mpaka vidole vinauma. Na wale wanaopiga skrubu ndefu kuelekea juu kwenye dari ndo hatari zaidi, ikitokeza kwenye paa ameshakufungulia njia mpya ya mvua.

Fundi wa kweli nilimpata baadaye na nilikaa pembeni nikimtazama. Kwanza alipanda juu akakagua viungo vyote, akakwangua gundi iliyopasuka akaziba upya, ndo akarudi ndani. Kabati likatolewa kila kitu, likashikiliwa kwa mti wenye ubao na tambara juu ili lisikwaruzike. Akakata ubao uliooza mpaka akafika kwenye mbao nzima, ngumu, akaacha pakauke, hapo alinikera maana nilitaka kuondoka lakini aligoma katakata, akasema akifungia unyevu atakuwa amefanya kama mwenzake. Afu akaweka ubao mpya urefu wote wa kabati, gundi ya poliurethani pamoja na skrubu za mbao zilizoingia kwenye fremu, na pale ambapo fremu ni alumini akatumia nati za riveti, zile zinazobanwa ndani ya tundu la alumini ili bolti ipate pa kushika, pamoja na bolti zake. Kabla ya kila tundu alipitisha sumaku ukutani kutafuta skrubu na pini za zamani ili ajue fremu inapita wapi, na drili kaifunga mkanda wa selotepu kwenye ncha kuweka alama ya kina asije akatoboa ganda la nje. Nilimuuliza bei akanijibu siwezi kukwambia mpaka nifungue nione, na kusema kweli hilo jibu ndo lilinifanya nimpe kazi.

Wanaonunua gari mkononi kwa mtu nao wafungue macho, maana huu ujanja wa mkanda na silikoni wauzaji wanaujua sana. Ukiona kabati moja tu lina mkanda mpya au rangi mpya karibu na dari na mengine ni ya zamani, fungua mlango wake, bonyeza ukuta wa nyuma kwenye kona za juu kwa kidole gumba, nusa. Harufu ya uvundo haifichiki kwa manukato ya gari. Toka nje pia utazame ganda kwa pembeni usawa wa hilo kabati, likiwa limetuna kama lina hewa ndani basi plaiwudi imeshaachana na faibaglasi, mwombe muuzaji autoe ule mkanda mbele yako, akigoma achana nalo.

Kama huyu jamaa alishapita kwako usisubiri likuangukie, toa vitu vizito leo, usimlaze mtu chini yake, na ung'oe mkanda uone kilichopo. Meseji zake msifute, hata za sauti. Nasikia saa hizi anajitangaza kwa jina jingine kwamba anaziba mapaa, picha ni zilezile. Aliyefanyiwa kazi naye anitumie inbox picha za skrubu na namba aliyotumia, tunakusanya tukaripoti kwa pamoja kule anakotangazia.