Namba binafsi ya gari la Uingereza: kuihifadhi ukiwa Mtwara

Huduma ninayoipima hapa ni ya DVLA, mamlaka inayosajili magari Uingereza: kuitoa namba binafsi kwenye gari na kuiweka akiba mpaka utakapoitaka tena. Inawafaa zaidi ndugu zetu waliokaa kule, wakanunua namba yenye herufi za jina lao, na sasa wanarudi Mtwara au Lindi, ama na gari lenyewe ama baada ya kuliuza. Tathmini yangu ni kwamba huduma ni nzuri na bei haiumizi, ila ukikosea mpangilio wa hatua, namba imekwenda.

Anayetoka huku lazima abadilishe mazoea kidogo. Kwetu namba ya kawaida ya T ikishafungwa kwenye gari inabaki na gari hilo, hata likiuzwa mara tano. Kule haki ya kutumia namba inaweza kutenganishwa na gari. Lakini isipotenganishwa kabla ya kuuza, mnunuzi anaondoka nayo, na hapo hakuna pa kulalamikia. Vivyo hivyo gari likienda kukatwa chuma chakavu au likisafirishwa nje ya nchi: namba itolewe kwanza.

Gharama ni pauni 80, unalipa mara moja. Tangu Machi 2015 haki hiyo hudumu miaka 10, na kuihuisha baada ya hapo ni bure. Hizo pauni 80 zimeshajumuisha pia kuipachika namba kwenye gari jingine baadaye, kwa hiyo akikutoza mtu "ada ya kurudisha namba", hiyo ni yake mfukoni.

Unaweza kuomba kwa posta, kwa fomu ya V317, au mtandaoni. Kwa aliye Mtwara sioni sababu ya posta: fomu inataka kadi halisi ya gari iambatanishwe, na bahasha ikipotea njiani umepoteza kadi pia. Mtandaoni unahitaji namba ya gari, kadi ya benki ya kulipia, na ile namba ya nyaraka yenye tarakimu 11 iliyo kwenye kadi yao ya gari, V5C. Kama kadi imepotea, kwanza uombe nyingine kwa pauni 25, usubiri ifike, ndipo uendelee.

Tovuti haiko wazi usiku kucha. Inafanya kazi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku kwa saa zao. Wakati wa kiangazi chao sisi tunawatangulia kwa saa mbili, kwa hiyo hapa ni saa 3 asubuhi hadi saa 3 usiku. Majira yao ya baridi ni saa 4 hadi saa 4. Anayejaribu alfajiri anakuta mlango umefungwa na kudhani kadi yake ya benki ndiyo mbovu.

Gari lenyewe lina masharti. Liwe limesajiliwa DVLA, liweze kutembea kwa injini yake, na liwe la aina inayopaswa kukaguliwa kila mwaka. Liwe na kodi hai au tamko la SORN, yaani mwenye gari ametangaza kwamba limeegeshwa na halitembei barabarani. Hapa ndipo maombi mengi ya magari yaliyoachwa uani kwa shangazi hukwama: mtu aliondoka bila kulipa kodi wala kutoa tamko, gari likakaa tu. Pia wanaweza kuomba kulikagua, kwa hiyo gari ambalo limeshapakiwa kwenye kontena si gari la kuombea.

Ombi likikubaliwa, kwa kawaida gari hurudishiwa namba yake ya awali papo hapo, na vibao vya zamani havifai tena barabarani kuanzia hapo. Faini ya kibao kisicho sahihi inafika pauni 1,000, na kamera zao hazina undugu. Andaa vibao vipya mapema, mbele cheupe na nyuma cha njano, kutoka kwa muuzaji aliyesajiliwa, ambaye atataka kitambulisho na uthibitisho wa namba. Bima iambiwe siku hiyo hiyo. Kodi ya gari inajihamisha yenyewe.

Baada ya wiki kadhaa zinakuja karatasi mbili kwa posta: kadi mpya ya V5C yenye namba ya awali, na V778, ambayo ndiyo hati ya kuhifadhi. V778 ndiyo mali yako sasa. Isichanganywe na V750, ambayo hutolewa kwa namba iliyonunuliwa mpya na haijawahi kufungwa kwenye gari. Mwenye V750 hana haja ya kufanya haya yote, namba yake tayari iko akiba.

Kwa anayelileta gari bandari ya Mtwara au Dar es Salaam, mfuatano ni huu: toa namba, subiri V5C mpya, ndipo ujaze kipande chake cha kusafirisha gari nje moja kwa moja na kukituma DVLA. Kadi iliyobaki unakuja nayo. Ukiharakisha, gari linashuka melini likiwa na vibao vya namba moja na kadi ya namba nyingine, na wakala wako wa forodha ataulizwa maswali ambayo chesisi pekee ndiyo itayajibu. Kodi ya barabara ya miezi kamili iliyobaki hurudishwa, basi waandikie anwani ya kutumia hundi.

Udhaifu mkubwa kwa mtu wa huku ni anwani. Kikumbusho cha kuhuisha kinakwenda kwenye anwani iliyo kwenye V778, na miaka 10 ni mingi. Ndugu uliyemwachia anwani Leicester huenda ameshahama. Weka tarehe kwenye simu. Kuhuisha kunafunguliwa siku 28 kabla ya haki kuisha. Ukiomba mapema mno unaweza kukataliwa, na ukichelewa namba inapotea moja kwa moja.

Kuipachika tena ni rahisi na ni mtandaoni vilevile, ila namba haiwezi kulifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Namba yenye 24 katikati ni ya kuanzia Machi 2024, haiwezi kufungwa kwenye gari la 2019. Kinyume chake kinaruhusiwa. Na ukiifunga kwenye gari la mpwa wako aliyeko kule, elewa kwamba haki inahamia kwa aliyeandikishwa kwenye kadi ya gari hilo. Akiliuza bila kuitoa, imekwenda. Mimi ningemwachia V778 kabatini kuliko kumfungia namba.

Mwenye hati akifariki, msimamizi wa mirathi anaweza kuichukua au kuihamisha kwa kutuma V778 pamoja na nakala iliyothibitishwa ya cheti cha kifo na uthibitisho wa usimamizi wake. Kwa hiyo hati iwekwe pamoja na hati za shamba la mikorosho, isiachwe kwenye dashibodi.

Na kwa wanaouliza kama wanaweza kuja kuitundika hapa: hapana. V778 inahusu magari yaliyosajiliwa Uingereza tu. TRA ina utaratibu wake wa namba za majina, unaolipiwa kila baada ya miaka mitatu, na karatasi ya DVLA haikupunguzii hata shilingi.