Swichi janja kwa nyumba ya zamani: ipi ununue kwanza, ipi uiache mwisho

Wengi wanaokarabati nyumba ya zamani kwa mikono yao huchagua vifaa janja, yaani vile vinavyoamrishwa kwa simu, kwa kuangalia programu ya simu na picha iliyo kwenye kasha. Mimi nasema anza na bisibisi. Swichi itakayokufaa huamuliwa na waya zilizomo ukutani, na waya hizo ziliwekwa zamani, kabla ya kuwepo swichi inayotaka umeme saa zote.

Tatizo lenyewe ni nyutro, yaani waya unaorudisha umeme baada ya kupita kwenye taa. Swichi ya kawaida haina haja nayo: waya wa moto unaingia, mwingine unatoka kwenda kwenye taa, basi. Ndiyo maana mafundi wengi wa zamani walipeleka nyutro moja kwa moja darini na kushusha waya mbili tu hadi kwenye swichi. Swichi janja ina redio ndani yake, na redio hiyo lazima ipate umeme hata taa ikiwa imezimwa. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, zima swichi kuu, hakikisha kwa testa kwamba umeme umekatika kweli, kisha fungua boksi la swichi uone zimeshuka waya ngapi.

Usiamini rangi. Waya mweusi utakaoukuta humo unaweza kuwa nyutro, na unaweza pia kuwa ndio unaopeleka moto kwenye taa. Hata mita inaweza kukupoteza. Taa ikiwa imezimwa na balbu iko mahali pake, ukipima kati ya waya wa moto na ule unaokwenda kwenye taa utaona volti kamili, kwa sababu waya huo unaifikia nyutro kupitia balbu. Toa balbu, pima tena. Namba ikiporomoka, ile haikuwa nyutro. Kipimo hiki hufanywa umeme ukiwepo, kwa hiyo kama hujaizoea kazi hii mwite fundi umeme. Na ziko nchi ambazo sheria hairuhusu asiye na leseni kugusa waya za ukutani. Ukikuta waya zilizovikwa mpira unaomeguka ukiukunja, ahirisha ununuzi wote. Pesa hiyo iende kwanza kwenye waya mpya, ethi (waya wa ardhini), na kile kifaa cha miliampea 30 kinachokata umeme unapovuja.

Waya zikiwa salama, nafasi ya kwanza naipa relei ndogo inayokaa nyuma ya swichi uliyonayo, yaani kifaa chenye redio kinachowasha na kuzima taa kwa amri ya simu. Ukubwa wake ni kama kiberiti. Swichi yako inabaki palepale na sura yake ileile. Mtoto, mgeni na bibi wote wanabonyeza kama walivyozoea, na taa inawaka hata intaneti ikiwa imekatika. Inataka vitu viwili: nyutro, na boksi lenye kina. Maboksi mengi ya zamani yana kina cha milimita 16 au 25, na relei ikishakaa na waya zake humo hapafungiki. Ikiwa ukuta unaupiga plasta upya, hii ndiyo nafasi: weka maboksi ya milimita 47 na ushushe nyutro kwenye kila swichi, hata zile ambazo huna mpango nazo leo. Ukuta ukiwa hutaki kuuvunja, tazama darini. Katika nyumba nyingi waya wa moto, nyutro na waya za swichi hukutana pale kwenye taa, na relei inaweza kukaa huko, ndani ya boksi lililofungwa vizuri. Soma ampea kabla ya kulipa. Hita ya maji ya kilowati 3 kwenye volti 230 hula ampea 13. Relei ya ampea 10 usiiunganishe nayo kamwe.

Ya pili ni swichi janja kamili inayotumia nyutro. Ni nzuri kwa anayebadilisha waya za nyumba nzima, hasa akitaka kupunguza mwanga. Naishusha chini ya relei kwa sababu ikiharibika unabadilisha swichi yote, na taa ya ngazi yenye swichi mbili mara nyingi hudai kununua na mwenzake wa aina hiyohiyo.

Ya tatu ni swichi isiyohitaji nyutro. Hujipatia umeme kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya balbu hata ikiwa imezimwa, na balbu za LED za wati chache huweza kumemetameta au kubaki na mwanga hafifu usiku. Dawa yake ni kapasita, kifaa kidogo cha kupitishia mkondo huo, inayofungwa kwenye taa. Hakikisha imo ndani ya kasha.

Balbu janja naziweka mwisho kwa taa za darini. Mtu akizima ukutani, simu yako haina tena cha kuwasha. Ziache kwa taa za mezani, na usizifungie ndani ya kioo kisichopitisha hewa, maana joto huua saketi zake.

Kuta nene za mawe hudhoofisha Wi-Fi. Zigbee, aina nyingine ya redio ya vifaa janja, hupokezana mawimbi kati ya vifaa vyenye umeme wa kudumu, kwa hiyo relei chache zilizosambaa hufika mbali. Z-Wave, redio ya tatu, hupenya kuta vizuri zaidi, ila masafa ya mawimbi yake hutofautiana kwa nchi: megahezi 868 Ulaya, 908 Marekani, kwa hiyo usiagize cha nchi nyingine. Kubwa kuliko yote, nunua kinachofanya kazi bila seva ya kampuni. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya vifaa janja, zilizimwa bila taarifa na programu za wateja zikakwama. Vifaa vyenye kiwango cha Matter, lugha moja ya vifaa vya kampuni mbalimbali, kilichotoka mwaka huohuo, vimeundwa kuamrishwa ndani ya mtandao wa nyumbani.

Kabla ya plasta kufunika waya, piga picha kila ukuta ukiwa na futi kamba ndani ya picha, na uache paipu moja tupu kutoka darini hadi kila boksi.