Kandanda au kriketi ya T20: utazame ipi jioni?

Kandanda ni dakika 90, vipindi viwili vya 45, mapumziko yasiyozidi 15. Mgeni huielewa upesi. Kinachomsumbua ni kuotea tu.

T20 hula saa tatu hivi. Kila timu hupewa ova 20, yaani mafungu ya kurushiwa mipira 6, jumla mipira 120. Utamu uko kwenye hesabu: timu ya pili, inayofukuzia jumla ya ile ya kwanza, ikibakiza mikimbio (pointi) 60 na ova 6, inatakiwa 10 kwa ova, na kila mpira usiozaa kitu unapandisha deni.

Mvua ndiyo balaa lake. Ukanda wa katikati wa mita 20.12, mpira unakorushwa, ukilowa mchezo husimama, na ova zikipotea lengo la mikimbio hukokotolewa upya kwa kanuni ya Duckworth-Lewis-Stern. Timu ya pili isipopata walau ova 5, kwa kawaida hakuna mshindi. Kandanda huendelea hata matopeni.