Kipimo cha mate cha "urithi wa kujifunza", Arusha: kichupa safi, ripoti ya kubahatisha

Kipimo hiki kinauzwa Arusha kwa wazazi wenye watoto wa shule ya msingi. Ahadi yake ni kwamba mate ya mtoto yataonyesha jinsi msongo, lishe na hata maisha ya bibi yake yalivyogusa uwezo wake wa kujifunza. Muuzaji hatumtaji jina. Kinachojadiliwa hapa ni kipimo chenyewe.

Tuanze na kizuri. Kwenye boksi kuna kichupa chenye faneli, kifuniko chenye kimiminika cha kuhifadhi vinasaba, mfuko na fomu. Mtoto asile, asinywe wala asitafune bigijii kwa nusu saa, kisha ateme mpaka mate yafike mstari wa mililita 2. Povu halihesabiwi, na hapo ndipo wengi wanapokosea: kichupa kinaonekana kimejaa, kumbe mate yenyewe hayafiki hata nusu. Mdomo ukikauka, msugue mashavu taratibu kwa nje. (Usimwambie ni mtihani, ndiyo yatakauka kabisa.) Kwa mdogo asiyejua kutema, omba kijiti cha sponji. Ukishafunga na kutikisa, sampuli haihitaji barafu, na kwa kifurushi kinachosafirishwa mbali hilo ni jambo kubwa.

Kiasi kina sababu yake. Kinachotafutwa ni alama za methili, yaani vijialama vya kemikali vinavyokaa juu ya vinasaba na kuathiri jinsi jeni zinavyofanya kazi. Maabara hutibu vinasaba kwa kemikali iitwayo bisalfaiti: herufi C (moja ya herufi nne za vinasaba) isiyo na alama ya methili hugeuzwa na kusomeka T, yenye alama hubaki C. Dawa hiyo hukatakata vinasaba, kwa hiyo sampuli hafifu haifiki mwisho. Isitoshe, sehemu ya vinasaba vilivyomo kwenye mate ni vya bakteria, si vya mtoto.

Ripoti sasa. Ukurasa wa kwanza una kumbukumbu, umakini na msongo, kila kimoja kwa kijani, njano au nyekundu. Hapa ndipo hela inapopotea. Mate yana seli nyeupe za damu na seli za ngozi ya ndani ya shavu, na alama zake hazifanani. Mtoto mwenye fizi zilizovimba atatoa seli nyeupe nyingi zaidi na matokeo yatahama, ilhali ubongo haujaguswa. Ripoti haisemi popote kama uwiano huo umesahihishwa. Alama zinazohusika na kumbukumbu ziko kwenye seli za ubongo, tena hazitulii: mwaka 2007 watafiti Miller na Sweatt walizuia vimeng'enya vinavyoweka methili kwenye hipokampasi (sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu) ya panya waliotoka kufundishwa kuogopa, na kumbukumbu haikushika. Baadhi ya alama zilizobadilika kwa mafunzo hayo zilirudi zilivyokuwa ndani ya siku moja. Shavu haliwezi kusimulia hayo.

Ukurasa wa "urithi wa bibi" ndio unaokera zaidi. Unategemea njaa ya Uholanzi ya 1944–45. Utafiti ni wa kweli: mwaka 2008 ilionekana kwamba waliotungwa mimba wakati wa njaa ile walikuwa, miaka 60 baadaye, na methili pungufu kwenye IGF2, jeni inayohusika na ukuaji, kuliko ndugu zao. Lakini hao walipitia njaa wenyewe, tumboni. Mjamzito akikosa chakula, vizazi vitatu vinaguswa kwa mpigo: yeye, mtoto, na seli za uzazi zinazoanza kujengeka ndani ya mtoto huyo, ambazo ndizo chanzo cha mjukuu. Kwa upande wa mama, ushahidi wa kurithi unaanzia kwa kitukuu, na alama nyingi hufutwa mimba inapotungwa, kisha tena seli za uzazi zinapotengenezwa. Hata jaribio maarufu la panya la mtafiti Meaney na wenzake, 2004, linasema kinyume cha ripoti: vitoto vilivyohamishiwa kwa mama mwingine vilipata alama kulingana na malezi ya yule mlezi.

Ukurasa wa umri wa kibaiolojia una nafuu, ila uliza ni "saa" ipi imetumika, yaani kanuni ipi ya kukadiria umri kwa kuhesabu alama za methili. Ya mtafiti Horvath ya 2013 hutumia maeneo 353 ya vinasaba. Kwa seli za shavu za watoto inafaa zaidi saa iitwayo PedBE ya 2020, yenye maeneo 94. Uliza pia kama sampuli ilisomwa mara mbili, maana mwaka 2022 ilionyeshwa kuwa saa kadhaa zinazojulikana zinaweza kutofautiana hadi miaka 9 kwa sampuli ileile.

Kama shida ni mtoto kutoshika masomo, hela hiyo ianzie kwenye macho, masikio na wingi wa damu. Majibu yake yana tiba. Anayepanga mimba atafaidika zaidi na foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12.

Ukiamua kununua hata hivyo, usitoe mate kabla ya kuonyeshwa kibali. Vinasaba vya binadamu viko chini ya sheria ya 2009, na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Fomu nayo isomwe mpaka mwisho: kipengele cha kuhifadhi sampuli "kwa utafiti wa baadaye" kimeshawekewa tiki. Kifute.